Safari ya Kalambo, na mpaka uliochorwa na watu wasioyaona maji

Wengi mmekuwa mkiniuliza kama ile safari ya Kalambo ipo kweli au yalikuwa maneno ya kantini. Ipo. Tupo watano, daftari la hesabu lipo, na kinachosubiriwa ni boom liingie na ubishi mmoja uishe: tukayatazame maporomoko kwa upande wetu, au tuvuke tukayatazame kwa Wazambia? Ukiuangalia juu juu ni ubishi wa nauli na pasi za kusafiria. Ukiuchimba unakuta ni wa historia, na kwa sisi tunaosomea ualimu hapa Mkwawa hauishii kwenye basi, unatufuata mpaka darasani. Ndiyo maana leo naandika kirefu. Mwenye njaa akale kwanza, atanikuta.

Kwa wasioyajua: Mto Kalambo uko kusini kabisa mwa Mkoa wa Rukwa, kwenye wilaya inayobeba jina hilo hilo, na maji yake yanaishia Ziwa Tanganyika. Kabla ya kufika ziwani ardhi ya juu inakatika ghafla kama ukingo wa meza, na mto wote unadondoka kwa mpigo mmoja, zaidi ya mita 200. Vitabu vinabishana, kimoja mita 221, kingine 235, lakini hata ukichukua hiyo ndogo bado ni mara mbili ya Victoria, ambayo ina mita 108. Tofauti ni kwamba Victoria ina upana wa karibu kilomita 1.7 na jina la malkia, wakati Kalambo ni utepe wa mita chache tu. Basi yule anajulikana dunia nzima, na huyu anajulikana na walimu wa Historia. Chini ya maporomoko kuna korongo refu la kutisha linaloshuka mpaka ziwani, na kwenye kuta zake wanazaliana korongo, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko shingoni. Kwa hiyo mtu akikwambia amekwenda Kalambo kuona korongo, muulize lipi na yupi.

Mpaka wa Tanzania na Zambia umepita humo humo mtoni. Ukisimama ukielekea maji yanakokwenda, mkono wa kulia ni Tanzania na wa kushoto ni Zambia. Nchi mbili zinadondoka pamoja.

Sasa mimi mpaka si kitu cha kusimuliwa. Kwetu ni Turwa, Tarime. Ukipanda gari pale stendi, kabla hujamaliza mahindi ya kuchoma umefika Sirari, na ukivuka Sirari uko Isebania, Kenya. Shangazi yangu ameolewa ng'ambo, upande wa Kehancha, na harusi yake haikuwa "ya nje" hata kidogo, ilikuwa ya jirani. Wakuria tupo pande zote mbili: Wairege wapo huku na huko, Wanyabasi huku na huko, Wakira hivyo hivyo. Mpaka wetu hauna mto wala mlima. Ni mstari ulionyooka, una vigingi vya saruji hapa na pale, na ng'ombe wanaupita bila kubisha hodi. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuita kamba ya Mjerumani. Alisema Mzungu mmoja alishika ncha pale Kilimanjaro, mwenzake akashika nyingine ziwani, wakaivuta ikakaza, na sisi tuliokuwa katikati tukakatwa kama jibini. Jibini ni langu, babu alisema ugali.

Hakuwa mbali na ukweli. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwishoni mwa mwaka 1886 yalichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba pale pwani, ukaenda hadi Ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, halafu ukanyooka moja kwa moja mpaka ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale inapopita digrii 1 ya latitudo kusini mwa ikweta. Hiyo hapo ndiyo kamba ya babu. (Na ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaisari mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, wadau, iacheni. Mwaka 1886 huyo Wilhelm wa pili hakuwa Kaisari bado, alikalia kiti mwaka 1888. Inachekesha darasani lakini kwenye UE haikupi maksi.)

Miaka minne baadaye wakaja kusini. Mkataba ulisainiwa Berlin tarehe 1 Julai 1890, ule unaoitwa wa Helgoland na Zanzibar. Tumeusoma mwaka wa kwanza kwa haraka: Mjerumani akapata kisiwa cha Helgoland kule kwao, Mwingereza akapata kuilinda Zanzibar, kwisha. Lakini ibara zake zina mambo mengi kuliko hayo. Humo ndimo mlimowekwa mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika: upande Mto Songwe, uvuke nchi ya juu, halafu ushike mto ambao mkataba unauandika "Kilambo" na kuufuata mpaka unapoingia ziwani. Basi. Maporomoko hayatajwi hata kwa neno moja. Mto unadondoka zaidi ya mita 200 na wenye mkataba wanaupitia kama mtu anayepitisha kidole kwenye ramani, maana ndicho walichokuwa wakifanya. Tume ya pamoja ya kuupima mpaka ule juu ya ardhi ilipita mwaka 1898, miaka minane baada ya wino kukauka.

Kwa nini Kalambo na si mto mwingine? Hapa ndipo nilipokaa maktaba mpaka wakazima taa. Jibu ni barabara. Kulikuwa na kampuni ya Waskoti, African Lakes Company, iliyoanzishwa mwaka 1878, iliyokuwa na meli Ziwa Nyasa na ndoto ya kufika Tanganyika. Tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, akatoa fedha ijengwe barabara ya kuunganisha maziwa hayo mawili, na barabara ikapewa jina lake. Haikuwahi kukamilika sawasawa, sehemu kubwa ilibaki kuwa njia ya miguu ya wapagazi. Lakini kwenye meza ya mazungumzo ilikuwa na uzito wa lami. Waingereza hawakutaka iangukie kwa Mjerumani, kwa hiyo mpaka ukasukumwa upite kaskazini mwa barabara, na mto uliokuwa unafaa kuushikilia mpaka pale ziwani ulikuwa Kalambo. Fikiria hilo. Mtu wa Kapozwa na mtu wa ng'ambo yake ni wa nchi mbili kwa sababu ya barabara ambayo haikumalizwa.

Na kuna kichekesho kingine ndani ya mkataba huo huo. Mjerumani alitaka njia ya kuufikia Mto Zambezi kutoka koloni lake la Namibia ya leo, akapewa kile kipande chembamba kilichoitwa Caprivi, kwa jina la chansela wao. Mto kaupata. Ila ukishuka nao kidogo unakutana na Victoria, ambapo hakuna meli inayopita. Mkataba mmoja, maporomoko mawili, na yote mawili hayakuulizwa.

Waliokuwa wakiishi kingo za Kalambo ni Walungu, na jirani zao Wamambwe, na kaskazini zaidi kwenye nchi ya juu wapo Wafipa. Walungu hadi leo wapo pande zote mbili za mto, lugha ile ile, koo zile zile. Mshkaji wangu wa Sumbawanga, ambaye ndiye mwenyeji wetu kwenye safari hii, alipokuwa ananieleza jinsi watu wa kule wanavyovukiana kwa misiba, nilimwachia aongee weee, nikamwambia kaka, hapo umenielezea Sirari. Akabisha, akasema kwao mpaka unaonekana, una maji. Hilo nimempa. Kwao hata mtoto mdogo anajua nchi inaishia wapi. Kwetu mpaka uambiwe, au ukamatwe.

Vita Kuu ya Kwanza nitaipita mbio maana kila mtu hapa ameshaandikia semina. Wajerumani walikuwa na boma pale Kasanga, wakapaita Bismarckburg, Waingereza wakalichukua Juni 1916. Na jenerali wao, Lettow-Vorbeck, aliyewazungusha Waingereza miaka minne huku wapagazi wetu wakifa njiani, alikuja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Wiki mbili nzima baada ya vita kuisha Ulaya. Mbala iko kilomita thelathini na kitu tu kutoka Kalambo. Kwa hiyo vita vya Afrika Mashariki viliishia karibu kabisa na maporomoko yetu, na mwalimu anayewapeleka wanafunzi kule anaweza kumaliza mada mbili kwa nauli moja.

Ila angalieni kilichofuata, maana ndicho kinachogusa ubishi wetu. Mjerumani alipoondoka, Tanganyika ikawekwa chini ya Mwingereza. Ng'ambo, Rhodesia ya Kaskazini, ilikuwa ya Mwingereza tangu zamani. Yaani kwa miaka 40 na ushee kingo zote mbili za Kalambo zilikuwa za mtu mmoja, na bado mpaka haukufutwa. Gavana wa huku alikaa Dar es Salaam, wa kule Livingstone na baadaye Lusaka, kila mmoja na bajeti yake, ramani zake, na makumbusho yake. Shikeni hilo la makumbusho.

Mji wa Livingstone uko jirani na Victoria. Kuanzia mwaka 1938 makumbusho ya pale yalisimamiwa na Mwingereza kijana aitwaye Desmond Clark, mtu wa akiolojia. Mwaka 1953 akafika Kalambo, na juu kidogo ya maporomoko, pale mto unapotembea taratibu kwenye bonde dogo kabla ya kudondoka, akaona kwenye kingo zilizoliwa na maji zana za mawe zikichungulia. Akachimba, kwa upande wake, maana yeye alikuwa mtu wa makumbusho ya upande ule. Akaendelea kurudi mpaka miaka ya 1960. Kazi yake ilitoka kwa majuzuu matatu, la kwanza 1969, la pili 1974, la tatu 2001, na mwaka uliofuata akafariki. Hebu wazieni mtu anaandika kazi moja ya mto mmoja kwa umri wote huo, halafu sisi tunaomba wiki moja ya nyongeza kwenye insha ya kurasa nane.

Alichokipata Clark cha ajabu hakikuwa mawe. Mawe yapo hata hapa kwetu Isimila, nje kidogo ya Iringa, tumekwenda na madaftari yetu tumeyakanyaga. Yeye alipata miti. Mti unaoza, kila mtu anajua, mchwa na maji na hewa havibakishi kitu. Lakini pale bonde la Kalambo maji ya chini ya ardhi yako juu, mchanga umelowa muda wote, hewa haipenyi, na mti uliozama humo unakaa kama umewekwa kwenye friji. Baadhi ya vipande alivyovipata vilionekana kama vimechongwa na mtu. Shida ikawa umri. Kipimo cha kaboni hakivuki miaka 50,000 hivi, zaidi ya hapo kinakuwa kama mizani ya duka la sukari unayotaka kupimia treni. Kwa hiyo miti ya Kalambo ikabaki ni mali yenye utata, wengine wakisema ndiyo imechongwa, wengine wakisema maji tu yamesugua.

Mwaka 2019 kundi la Profesa Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, pamoja na wataalamu wa Zambia, lilirudi kuchimba. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature Septemba 2023. Walikuta magogo mawili yamepandana, la juu lina urefu wa kama mita 1.4, na limechongwa mfuo katikati ili likae sawasawa juu ya la chini lisiteleze. Fundi seremala yeyote wa Turwa ukimwonyesha picha atakwambia huo ni ungio. Walipima umri kwa njia ya mwanga: chembe za mchanga zikifukiwa zinaanza kuhifadhi nishati kidogo kidogo kutoka kwenye udongo unaozizunguka, kwa hiyo ukipima zilichohifadhi unajua ni lini mara ya mwisho ziliona jua. Jibu likaja: miaka 476,000, ongeza au punguza 23,000. Na kuna zana nyingine za mti zilizopatikana hapo, ikiwemo kabari na mti wa kuchimbia, hizo ni changa zaidi, kati ya miaka 390,000 na 324,000.

Tulieni na namba hiyo kidogo. Mabaki ya zamani kabisa yanayohesabiwa kuwa ya binadamu wa aina yetu, yale ya Jebel Irhoud kule Morocco, ni ya miaka 300,000 hivi. Aliyechonga yale magogo alikuwepo miaka zaidi ya 150,000 kabla yao. Hakuwa sisi. Mifupa yake haijapatikana Kalambo, kwa hiyo hata sura hatuna. Tuna mkono wake tu. Na vitabu vyetu vya sekondari vinamwelezea mtu wa zama za mawe za kale kama mzururaji, anaokota, anawinda, analala popote pangoni. Huyu wa Kalambo alikata gogo, akalipima, akachonga, akaliweka juu ya jenzake pale penye tope. Huenda lilikuwa jukwaa la kukaa juu ya maji, huenda njia, huenda msingi wa kibanda. Mtu wa kuzurura hajisumbui hivyo. Huyo alikuwa na mahali.

Sasa rudini TP pamoja nami. Nilipangiwa shule moja ya kata, sitaitaja, kidato cha kwanza mikondo miwili, na siku ya zama za mawe nikawaorodheshea kama tulivyoorodheshewa sisi: Olduvai, Isimila, Olorgesailie, Nsongezi, Kalambo. Nikawaeleza na habari ya magogo. Darasa lilikaa kimya mpaka nikaogopa. Halafu kijana mmoja wa nyuma, yule ambaye kila mwalimu anamjua kwa majina matatu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hayo magogo ni ya kwetu au ya Zambia?"

Nikamwambia swali lake linataka mtu akaone kwanza. Ndiyo safari ilipozaliwa hapo.

Maana swali si la kitoto. Mtaala mpya umetuletea somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Jina la nchi limekaa pale mlangoni. Je, Kalambo inaingia? Kwa karatasi, shimo lilichimbwa kushoto mwa mto, kwa hiyo ni la Zambia, na Zambia tangu mwaka 2009 wameshaliweka kwenye orodha yao ya maeneo wanayotaka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia. Wana haki, wamelifanyia kazi. Kuna jamaa hapa kozini anasema basi tuwaachie, sisi tunayo Olduvai, tamaa ya nini. Mwingine, mzalendo wa mtandaoni, anasema maporomoko ni yetu na magogo ni yetu, akipewa nafasi atahamisha mto. Mimi wote wawili siwakubali, na nitasema kwa nini.

Kwanza, ukiuliza kwa nini Kalambo iliandikwa kushoto tu, jibu umeshalisoma hapo juu: kwa sababu makumbusho yaliyokuwa na mtu wa kuchimba yalikuwa ya kushoto. Na makumbusho yalikuwa ya kushoto kwa sababu ya mpaka. Na mpaka uliwekwa pale kwa sababu ya barabara ya Stevenson. Si kwa sababu fundi yule alikaa ng'ambo ile kwa hiari. Pili, mto wa bonde tambarare haukai sehemu moja. Unakula ukingo huu, unaacha mchanga ule, unahama. Katika miaka 476,000 Kalambo haukukaa ukisubiri Berlin ije iuite mpaka. Siku gogo linachongwa, hakuna ajuaye kushoto ilikuwa kushoto ya nini. Bonde ni moja.

Kwa hiyo nikiwa mwalimu nitaifundisha, na kwenye ubao nitaandika Kalambo, Zambia na Tanzania, kwa mpangilio huo, kwa heshima ya aliyechimba. Akija mkaguzi tutaongea.

Hapo kuna mdau ataniambia, kama mpaka ni kamba ya Mzungu basi tuufute. Taratibu. Hilo nalo lina historia, na lina mtu wa kwetu Mara ndani yake. Julai 1964, Cairo, wakuu wa nchi za OAU walipitisha azimio la kuheshimu mipaka kama ilivyokutwa siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea. Zambia yenyewe ilikuwa haijapata uhuru bado, ilikuwa inangoja Oktoba ya mwaka huo. Hoja ilikuwa kwamba ukianza kusahihisha mpaka mmoja, itabidi usahihishe yote, na damu yake haitakauka. Mimi Mkuria niliyekatwa na kamba nakubali kwamba alikuwa sahihi. Sipendi, lakini nakubali. Mpaka ukae kwa ajili ya pasi na ushuru. Usikae kwenye kichwa cha mwanafunzi ukimwambia historia inaishia mtoni.

Haya, mipango yenyewe. Tunatoka Iringa alfajiri, tunashika barabara kuu, Mafinga, Makambako, Mbeya, mpaka Tunduma, ambapo pia ni mpaka, na mtaona foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo mpaka mchoke. Pale tunaacha njia ya malori tunakunja kulia kuelekea Sumbawanga, kama kilomita 220 na kitu, lami tupu siku hizi, wazee wanaoijua ile barabara ya zamani wakisikia lami wanacheka. Tunalala kwa kina mshkaji, mama yake ameshasema tusilete chakula, tulete sabuni. Kesho yake barabara ya Kasanga, tunafika Matai, tunaingia Kapozwa, tunayaona maji kwa upande wetu. Dada wa Jiografia anataka siku nzima kwenye korongo (lile, si yule), na amepewa.

Siku ya tatu ndiyo yenye ubishi. Pale juu ya maporomoko ng'ambo unaiona, ukipiga kelele wanakuitikia. Lakini kisheria huwezi kuruka mita hizo chache. Inabidi urudi Matai, ushike njia ya Kasesya, ugonge muhuri, uingie Mbala, halafu utoke Mbala urudi kwenye mto ule ule, kwa upande wa pili. Nusu siku au zaidi kuvuka kitu ambacho fundi wa magogo angekivuka akitafuna tunda. Mhasibu wetu anasema ni hasara. Mimi nasema hiyo nusu siku ndiyo somo lenyewe, na Watanzania hatudaiwi viza kule, pasi ya kusafiria inatosha. Na Mbala kuna makumbusho yanaitwa Moto Moto, kwa jina la utani la askofu mmoja wa zamani, Mfaransa. Hapo hata tafsiri hamhitaji. Kuna na mnara wa Lettow-Vorbeck kuweka silaha chini.

Nimeulizwa pia: magogo tutayaona? Hapana, yalitolewa mchangani wakati wa uchimbaji, na mti wa umri ule hauachwi juani. Tutaona bonde, mchanga na mto. Atakayetaka kioo cha makumbusho abaki Iringa aende Isimila kwa bodaboda.

Muda: tunalenga mwishoni mwa mvua, mwisho wa Aprili au Mei mwanzoni, maji yakiwa bado mengi. Kiangazi kikikolea utepe unakuwa uzi. Wapenda ndege wanalalamika kwamba korongo huzaliana zaidi kiangazi, lakini tumepiga kura, maji yameshinda manne kwa moja.

Nilimpigia mama kumwaga habari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mura, unalipa nauli kutoka Iringa kwenda kuona mpaka? Si uje huku nikuonyeshe bure." Nikamwambia wa huku hauna maji. Akasema wa huku una shangazi yako, na hujamsalimia tangu Krismasi.

Nafasi moja bado ipo kwenye gari. Pasi ya kusafiria iwe mkononi kabla hujatoa hela, na hela anashika dada wa Jiografia, siyo mimi. Kura ya siku ya tatu tunaipiga Ijumaa baada ya semina, pale chini ya mwembe.